Mkalimani wa Mgombea

Watu wa mji wetu wa Kamina wakimkumbuka baba yangu, wanamkumbuka akiwa amesimama pembeni ya mtu mwingine. Jambo hilo linaniuma hadi leo na sina sababu ya kulificha. Kila kiangazi pastori wa Amerika alipokuja kuhubiri, baba alisimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma, shati jeupe limepigwa pasi ya makaa, akiyageuza maneno ya Kiingereza kuwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Pastori akinyoosha mkono, baba naye ananyoosha. Pastori akipiga magoti, baba naye chini, na suruali ile ile moja ya ibada. Pastori akilia, baba alilia machozi ya kweli. Wamama wa kwaya walisema ukifumba macho hujui yupi anahubiri na yupi anatafsiri. Kwao hiyo ilikuwa sifa.

Kiingereza alikipata ujanani, alipokuwa mpishi katika nyumba ya wamisionari. Aliuliza jina la kila kitu, kuanzia sufuria hadi malaika, mpaka wenyewe wakachoka. Pastori hakujisumbua hivyo. Miaka yote aliyokuja kwetu, Kiswahili chake kilikuwa "Bwana asifiwe", "Amina" na "aksanti sana". Hakuhitaji zaidi kwa sababu alikuwa na baba.

Mimi nauza samaki. Nanunua samaki wakavu kutoka Kinkondja, kule ziwani, kwa vijana wanaowaleta kwa baiskeli, nawauza sokoni Kamina, na kinywa changu sokoni kinajulikana. Nasema hivyo mapema ili msingoje upole kwangu. Baba alinizaa, lakini upole wote alibaki nao yeye.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Kaniama. Kaka mkubwa wa baba alikuwa chifu huko. Alipofariki, wazee wa ukoo walikuja kwetu mjini, wakaketi kwenye mkeka uani, na mmoja wao akafungua kitambaa chenye pemba. Ni udongo mweupe, na kwetu Waluba hauchezewi: chifu anapakwa siku anapoketishwa, na watu wanajipaka kifuani na mikononi wanapokwenda kumsalimu. Wazee walimwambia baba kwamba kiti ni chake. Hakukuwa na mshindani wala ugomvi. Baba aliomba siku chache za kufikiri, akawasindikiza hadi barabarani, na aliporudi nilimwona usoni alivyofurahi. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma ya mtu, na sasa watu walikuwa wamekuja kumwambia aketi.

Kilikuwa kiangazi na pastori alikuwa mjini. Baba akaenda kumuuliza. Kwa nini amuulize mgeni habari za kiti cha babu yake? Nimejiuliza hivyo mara nyingi nikipanga samaki, na jibu ninalopata ni kwamba baba alikuwa amezoea kumngoja yule mtu aseme kwanza ndipo yeye aseme. Sijui walizungumza nini nyumbani kwa wamisionari. Ninachojua ni kwamba Jumapili jibu lilitoka mimbarani, na aliyelitafsiri ni baba mwenyewe.

"Mtu wa Mungu hatafuti enzi za dunia hii," alisema baba, baada ya pastori kusema. "Kiti cha kutawala ni matope. Anayekaa juu yake atachafuka. Na udongo ule mnaojipaka mbele ya machifu wenu ni ibada ya shetani."

Pastori akanyoosha mkono kuelekea dirishani, na baba akanyoosha wa kwake kuelekea dirishani. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi benchi la nyuma, kofia mapajani. Siku hiyo walikuja kanisani kwa heshima yake tu, kumsubiri awape neno. Walilipata. Wakatoka kabla sadaka haijapita.

Mama alikuwa Mkatoliki na alibaki Mkatoliki hadi alipokufa. Habari ilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alisimamisha mchi, akamtazama baba anavyovua viatu vya ibada mlangoni.

"Banakutumikisha unajikatala weye mwenyewe," alimwambia. "Tena na kinywa yako!"

"Haiko minyi nilisema, mama. Minyi nilitafsiri tu."

Mama aliendelea kutwanga, na siku ile tulikula sombe iliyolainika kuliko zote nilizowahi kula nyumbani.

Kiti kilikwenda kwa tawi jingine la ukoo, kwa kijana wa binamu ya baba. Sitasema ni mtu mbaya. Ni mtu asiyeweza kusema hapana mbele ya gari kubwa. Mkubwa mmoja wa Lubumbashi alikuja akitafuta mahali pa kulima mahindi na kufuga ng'ombe, na chifu kijana akampa bonde lote, kuanzia mto hadi makaburi ya zamani. Uzio wa waya ulipigwa. Mashamba ya mihogo ya mama yalibaki ndani, mihogo ikaliwa na ng'ombe ikiwa bado michanga. Watu wanasema nilizaliwa na damu ya biashara. Hapana. Niliingia kwenye samaki kwa sababu shamba nililoahidiwa lilikuwa upande wa pili wa waya. Mama akawa anautazama mkono wake wenye sugu za jembe kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, na mwisho akafa, tukamzika makaburi ya mjini, karibu na reli, kati ya watu tusiowajua. Baba alihubiriwa siku hiyo na wengine. Kisha kiangazi kikafika, pastori akaja, na shati jeupe likapigwa pasi.

Hayo yote ningeyameza. Watu wamemeza makubwa zaidi hapa kwetu. Lakini ulifika ule mwaka wa uchaguzi wa Waamerika.

Shemasi wetu, mtu mzima mwenye simu nzuri kuliko wengine, alipokea video kutoka kwa pastori, akaiunganisha na bafle, lile spika kubwa la kwaya, Jumapili baada ya ibada. Baba aliitwa mbele atafsiri. Alisimama kushoto kwa lile bafle, nusu hatua nyuma yake. Nawaambia ukweli, hata pembeni ya bafle alisimama nusu hatua nyuma.

Pastori alisema Mungu amemwita kugombea urais wa Amerika. Alisema vyama viwili vikubwa vya kwao vimechoka na vimeoza, na yeye atasimama na chama cha tatu, kidogo lakini safi. Watu walipiga vigelegele, baba akangoja vitulie. Kisha pastori akasema jambo jingine, na baba, aliyekuwa tayari amefungua kinywa, hakutafsiri. Bafle likaendelea peke yake.

"Simamisha," baba akamwambia shemasi. "Rudisha nyuma kidogo."

Shemasi akarudisha. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza. Akaomba arudishiwe tena. Ndipo akatafsiri, taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri cha Biblia:

"Mtu wa Mungu akikataa kutawala, anawaachia waovu kiti. Na dhambi ya kiti hicho itakuwa juu yake."

Watu wakaitika amina kwa nguvu. Wengi wao walikuwa kwenye mabenchi yale yale siku kiti kilipoitwa matope, na hakuna aliyekunja uso. Nilitaka kusimama niwaulize kama wana masikio. Baba akatafsiri hadi mwisho, akaketi, akafuta miwani yake kwa pindo la shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Aliyekumbuka ni Mwislamu. Jirani yangu sokoni anauza vitambaa. Babu zake walitoka Maniema na misafara ya biashara, na yeye hajawahi kuingia kanisani kwetu, ila mahubiri ya kiangazi yalipigwa kwa spika na mji mzima ulisikia upende usipende.

"Mama wa samaki," aliniita kutoka mezani pake, "ule pastori wenu alisemaka kiti iko matope, haiko vile? Sasa iko anatafuta matope ya Amerika?"

"Chunga bitambaa byako, Baba."

"Ninachunga. Ninauliza tu. Labda matope ya kule iko na sabuni ndani."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha nikakasirika, si naye, na siku nzima niliuza kwa hasira, nikimpunja kila aliyenibembeleza bei.

Mnapaswa kuelewa jinsi kanisa letu lilivyousoma ule uchaguzi. Kwetu mtu haanzishi chama kidogo ili ashinde. Anakianzisha ili aitwe. Anapiga kelele, anavaa kofia, anashindwa, na wiki chache baadaye yule aliyeshinda anamwita mezani na kumpa kitu. Tumeona hivyo maisha yetu yote, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuuliza kama pastori angeshinda.

"Hata akishindwa batamuita," alisema mzee mmoja wa kanisa. "Batamupa hata ministeri moja. Ya kilimo, ao ya mambo ya inje."

"Na akipata ministeri," alisema shemasi, akimaanisha baba, "entreprete wake atabaki hapa Kamina kufanya nini?"

Basi wakaanza kumwita baba Ekselansi, kama waziri. Wamama walifunga kula kila Ijumaa. Kwaya ilishona sare, ikarekodi wimbo wa kumsifu mgombea, watoto mbele, miguu mitupu kama alivyoomba pastori mwenyewe, ingawa watoto wale walikuwa na viatu na mama zao walikuwa wamevisafisha. Mtu mmoja alimletea baba kuku, akimwomba asimsahau mwanawe atakapofika kule. Baba alimrudisha kuku. Wakasema tazama unyenyekevu wake. Hawakujua kwamba alikuwa mgonjwa wa ile sentensi. Alikuwa akiirudia peke yake akinyoa ndevu, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili, kama mtu anayetafuta mahali ilipovunjika.

Alasiri moja alinikuta uani nikipanga samaki. Alikuwa na simu ya shemasi mkononi. Akaketi kwenye kigoda, akabonyeza, akaanza kusema Kiingereza karibu na simu. Kila baada ya sentensi alinigeukia na kunitafsiria. Hakuna aliyemwomba. Ndivyo alivyozoea, na nafikiri hakujua kusema Kiingereza bila kusimama katikati.

"Pastori, ni mimi mkalimani wako wa Kamina," alinitafsiria. Kisha: "Unakumbuka kiangazi alipokufa kaka yangu." Kisha: "Ulisema kiti ni matope, na mimi niliwaambia watu hivyo." Kisha: "Sasa umesema anayekataa kiti ana dhambi, na mimi nimewaambia watu hivyo." Hapo akaisogeza simu karibu na mdomo. "Nakuomba unijibu. Lipi lilikuwa neno la Mungu, na lipi lilikuwa lako?"

Nilikuwa nimeshika samaki na sikuweza kumweka chini. Nilimpenda baba siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

Jibu lilikuja wiki ile ile. Liliandikwa. Baba alilisoma, akanitafsiria kama kawaida: "Mshirika mpendwa, asante kwa kusimama nasi. Maombi yenu yanabadilisha taifa. Tutumie video nyingine ya watoto wakiimba." Shemasi alipata jibu hilo hilo, neno kwa neno, na kiongozi wa kwaya pia. Shemasi alifurahi sana, akaagiza watoto waje.

Mvua zilikuwa zimeshaanza Waamerika walipopiga kura. Redio ilitaja wagombea wawili, siku ya kwanza wawili, siku ya pili wawili. Pastori wetu hakutajwa hata kwa kushindwa. Wazee wa kanisa hawakushtuka. Walisubiri serikali mpya itangazwe. Ilipotangazwa walisikiliza majina yote, wakasema labda atapewa ubalozi. Kisha wakaacha kusema, na kuacha kwao kulikuwa kwa ghafla, kama watu waliokumbuka wameacha chungu jikoni. Hakuna aliyemwita tena baba Ekselansi. Hakuna aliyemwomba radhi pia.

Miguu ya baba ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Akaniambia anataka kwenda kijijini kuonana na chifu. Nilimkatalia, kisha nikakodi pikipiki. Tulimweka katikati, dereva mbele na mimi nyuma nikimshikilia, na barabara ile ya udongo ilitutikisa hadi nikaogopa atafika akiwa amekata roho.

Chifu kijana, ambaye sasa ana mvi, alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake cha mbao. Nilidhani baba atapewa kiti cha wageni, aulizwe habari za mjini, mambo yaende kiungwana. Baba hakungoja. Alipiga magoti katikati ya uwanja, akapiga makofi taratibu jinsi wazee wanavyopiga, akachota vumbi kwa viganja vyote viwili, akajipaka mikononi na kifuani, juu ya lile shati jeupe la ibada.

"Vidye," alisema.

Hilo ndilo neno tunalomwitia chifu. Sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Chifu aligeuza uso pembeni, na kwa hilo nilimheshimu kidogo.

Baba aliomba jambo moja: akifa, alazwe kando ya kaka yake.

"Baba," alisema chifu, "kaburi ya kaka yako iko kule ng'ombe banalalaka. Minyi sina nguvu tena kule. Nitauliza mwenye ng'ombe." Akachezea fimbo yake. "Kiti ilikuwa yako, Baba. Weye njo ulisema ni matope. Tulikuwa ku kanisa siku ile, na baba yangu na minyi. Tulikusikia."

Nilingoja baba aseme kwamba yeye alitafsiri tu. Hata mimi ningemkubalia siku hiyo.

"Ndiyo," alisema baba. "Nilisema."

Njiani kurudi nilitaka kumkung'uta vumbi kifuani. Akanishika mkono akanizuia.

Kiangazi kilipofika, pastori alikuja. Alikuwa amenenepa. Alimkumbatia baba, akampa kofia ya kampeni iliyobaki, na hakugusia ule ujumbe hata kwa nusu neno. Nilimwambia baba asiende. Akaniomba pasi ya makaa.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Pastori alihubiri juu ya kushindwa kwake bila kukuita kushindwa. Alisema Mungu amemfundisha kwamba falme za dunia ni bure. Baba akatafsiri. Alisema anayezifuata atachafuka. Baba akatafsiri. "Kiti cha kutawala," alisema baba baada yake, "ni matope."

Pastori alinyamaza kumpisha, maana alidhani sentensi yake ndefu bado haijakwisha kutafsiriwa. Baba alipiga hatua moja mbele. Akaacha Kiswahili cha Biblia, akashika kile tunachozungumza nyumbani.

"Huyu muntu njo alinikatalisha kiti ya kaka yangu," alisema. "Alisema ni matope. Kisha yeye mwenyewe akaenda kutafuta kiti kwao, ile kubwa kuliko zote. Ameikosa, sasa imekuwa tena matope. Kule kwetu bantu balipoteza mashamba. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, alikufa, tukamuzika ku reli. Minyi niko muzee, ninatafuta fasi ya kulala pembeni ya kaka yangu, na fasi haiko. Na ni hii kinywa yangu njo iliyasema yote."

Alisema hayo bila kupaza sauti, na mwisho akanyoosha mkono juu. Pastori alimwona. Akatabasamu, akanyoosha wa kwake vilevile, akalitazama kanisa lote kutoka upande hadi upande.

"Amina!" alisema.

Hakuna aliyeitika. Wamama wa kwaya walikuwa wameinamisha vichwa. Shemasi alikuwa akitazama viatu vyake. Pastori akadhani hatujasikia.

"Amina!" alirudia, kwa nguvu zaidi, mkono bado uko juu.

Baba akarudi nyuma nusu hatua, mahali pake, akangoja sentensi inayofuata.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanguka. Chifu alikuja msibani mwenyewe, akaketi mkekani na watu, akanipa jibu: mwenye ng'ombe amekataa. Tukamzika baba mjini, karibu na reli, mistari miwili kutoka kwa mama, kwa sababu pembeni yake palikuwa pamejaa. Pastori alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwa shemasi, na shemasi akauunganisha na lile bafle makaburini ili tumsikie. Ulikuwa Kiingereza kitupu, mrefu, wenye kilio ndani yake. Tulisimama tukausikiliza hadi ukaisha, kwa maana ni adabu, lakini hapakuwa na wa kututafsiria. Kisha wanaume wakashika majembe.